Seli Zilizolazwa Bapa Hazitoshi

Mwaka 2010 watafiti wa Taasisi ya Wyss ya Chuo Kikuu cha Harvard, Dan Huh na Donald Ingber wakiwa miongoni mwao, walichapisha katika jarida la Science habari za pafu dogo linaloweza kushikwa kwa vidole viwili. Lilikuwa kipande cha silikoni kinachopitisha mwanga, na ndani yake mlikuwa na mifereji miwili iliyotenganishwa na utando mwembamba wenye vitundu. Juu ya utando walipanda seli za vifuko vya hewa vya mapafu ya binadamu, zikawa zinaguswa na hewa. Chini yake walipanda seli za mishipa midogo ya damu, zikawa zinapitiwa na majimaji. Pembeni walifyonza hewa kwa pampu. Kila walipofyonza, utando ulitanuka, walipoachia, ukarudi. Seli zikawa kama zinapumua.

Kisha wakaweka chembe za silika zenye ukubwa wa nanomita 12. Utando ukiwa umetulia, seli zilionyesha dalili chache za kuumia. Utando ulipoanza kutanuka na kurudi, seli zilezile, kwa chembe zilezile, zilizalisha kwa wingi kemikali zinazoashiria kwamba seli imeelemewa. Mishipa ya upande wa pili nayo ikaanza kunasa seli nyeupe za damu, jinsi inavyofanya mwili unapojihami. Walipochunguza mapafu ya panya, mwelekeo ulikuwa uleule: kupumua kunasaidia chembe kuvuka hadi kwenye damu.

Kwa maoni yangu, jaribio hilo lilitosha kumaliza mjadala mmoja. Huwezi kuuliza kama chembe ya nano ni salama bila kwanza kusema seli ulizoziuliza zilikuwa katika hali gani. Zilikuwa zimelala au zinatembea? Zilikuwa peke yake au na jirani zake? Zilikuwa zimejitandaza juu ya plastiki au zimeshikana kama tishu? Hata hivyo, bado tafiti nyingi, zikiwamo nyingi za vyuo vyetu, humwaga chembe juu ya seli zilizotandazwa kwenye sakafu ya plastiki, huhesabu zilizokufa baada ya saa 24 au 48, na hilo huandikwa kuwa jibu.

Jambo hili linatuhusu kwa karibu kuliko wengi wanavyodhani. Nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita. Seli nyekundu ya damu ina upana wa nanomita kama 7,000. Vitu vya ukubwa wa nano tayari vimo miilini mwetu kwa njia ya dawa. Aliyechanjwa Uviko-19 kwa chanjo ya Pfizer au Moderna alidungwa vitone vya mafuta vya nanomita 100 hivi, vilivyobeba ujumbe wa kijeni. Chanjo ya malaria ya R21, iliyofanyiwa majaribio Bagamoyo na Kilifi, miongoni mwa maeneo mengine ya Afrika, na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023, imeundwa kwa protini zilizojikusanya katika chembe zinazofanana na virusi. Inasindikizwa na kiamsha kinga chenye chembe za nano zinazotokana na gome la mti wa Chile. Mgonjwa wa VVU aliyepata homa ya uti wa mgongo ya fangasi anaweza kutibiwa kwa amfoterisini iliyofungwa ndani ya vifuko vya mafuta. Jaribio lililothibitisha kwamba dozi moja kubwa ya dawa hiyo, ikiambatana na vidonge vya dawa nyingine, inafaa, lilitoa matokeo yake mwaka 2022, na Uganda ilikuwa mojawapo ya nchi tano za Afrika zilizoshiriki.

Dawa na chanjo hizo zimepita katika majaribio ya watu wengi na sina neno nazo. Ninazozizungumzia ni zile zinazokuja nyuma yake: mamia ya michanganyiko inayobuniwa kila mwaka kubeba dawa za saratani, kifua kikuu na malaria, ambayo hatima yake huamuliwa mapema kabisa, kwenye sahani ya maabara. Hapo ndipo nzuri hutupwa na mbaya huruhusiwa kuendelea.

Tuitazame hiyo sahani. Seli ikiwekwa kwenye plastiki hushika sakafu na kujitandaza hadi inakuwa bapa. Chakula na oksijeni huipata sawa na mwenzake yeyote. Haina kilicho juu yake isipokuwa majimaji. Ndani ya mwili, seli hiyohiyo imezungukwa pande zote, imefungwa katika nyuzi za kolajeni na ute, inabanwa na majirani na inapokea amri kutoka kwao. Umbo hilo si pambo. Mwaka 1997 kundi la Mina Bissell, katika Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley huko California, lilichukua seli za saratani ya matiti zilizokuwa zikikua ovyo ndani ya ute wa pande tatu na kuzipa kingamwili inayoziba kipokezi kimoja cha ngozi ya seli. Seli zikajipanga upya katika viduara vilivyofanana na vya titi lenye afya, ilhali jeni zake zilibaki na kasoro zilezile. Kama umbo na ujirani vinaweza kuigeuza tabia ya seli ya saratani kiasi hicho, basi vinaweza pia kubadili namna inavyoipokea chembe ya nano.

Sahani ina kasoro nyingine ambayo haihusu seli bali mvuto wa dunia. Chembe za nano, hasa zile nzito, huzama. Mwaka 2011 mtafiti Younan Xia na wenzake walifanya jambo rahisi mno: walikuza seli kwenye kioo, baadhi zikitazama juu kama kawaida, nyingine zimepinduliwa zitazame chini, kisha wakaweka chembe za dhahabu kwenye majimaji. Pale ambapo chembe zilizama kwa kasi, seli zilizotazama juu zilimeza nyingi kuliko zilizopinduliwa. Kumbe sehemu ya kile tulichokiita uwezo wa seli kupokea chembe ilikuwa tu chembe kuziangukia. Hakuna seli ya ini inayoangukiwa na dhahabu namna hiyo.

Mwaka 2009, katika Chuo Kikuu cha Michigan, kundi la Nicholas Kotov lilikuza seli za saratani ya ini kwa njia mbili, bapa na katika viduara vya pande tatu, kisha likazipa chembe za dhahabu na za kadimiamu teluraidi. Kwenye viduara, sumu ilionekana kupungua sana ukilinganisha na sahani. Yaani kule Michigan sahani bapa ilikuza hatari. Kule Harvard seli zilizotulia ziliificha. Mtu anaweza kusema matokeo hayo yanapingana. Mimi naona yanasema jambo moja zito. Kama sahani ingekuwa inakosea upande mmoja tu, siku zote ikizidisha au siku zote ikipunguza, tungeweza kuisahihisha kwa hesabu. Lakini inakosea pande zote mbili, kutegemea chembe na kiungo, na hujui ni upande upi hadi ujaribu kwenye kitu kinachofanana na tishu. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tuendelee na sahani kwa sababu ni rahisi halafu tuwe tu waangalifu tunaposoma matokeo. Uangalifu hauwezi kurekebisha kosa usilolijua mwelekeo wake.

Saratani ndiyo inayoonyesha gharama ya kosa hili. Uvimbe si rundo la seli zilizo wazi. Ni kama soko la Kariakoo siku mbili kabla ya Idi, na chembe ya dawa ni mkokoteni unaotakiwa kufika duka la ndani kabisa: barabara kubwa inapitika, lakini vichochoro vimejaa na kila hatua kuna kizuizi. Mwaka 2007 mtafiti Suzie Pun na wenzake walipima hilo kwa viduara vya seli za saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kuua wanawake wa Tanzania. Walitumia chembe za ukubwa tofauti, kuanzia nanomita 20 hadi 200, na kuona jinsi ukubwa unavyoamua chembe itaingia kina gani. Walipotumia kimeng'enya kinachomeng'enya kolajeni, chembe hadi za nanomita 100 ziliingia ndani zaidi. Kwenye sahani bapa swali la kina halipo kabisa. Kila seli iko mlangoni, na dawa yoyote inayoua seli inaonekana shujaa.

Baadaye shujaa huyo hupelekwa kwa panya. Mwaka 2016 kundi la Warren Chan wa Chuo Kikuu cha Toronto lilikusanya matokeo ya miaka kumi ya tafiti za chembe za nano zilizodungwa wanyama wenye uvimbe. Kwa wastani wa kati, ni asilimia 0.7 tu ya dozi iliyofika kwenye uvimbe. Ini na wengu hukamata sehemu kubwa ya kilichobaki. Nimeisoma takwimu hiyo mara nyingi na bado inaniuma, kwa sababu nyuma yake kuna miaka ya kazi ya watu makini, fedha za umma, na wagonjwa walioambiwa kila mara kwamba dawa inayolenga uvimbe peke yake iko karibu kufika. Sisemi kwamba kukuza seli katika pande tatu kungemaliza tatizo hilo lote. Mzunguko wa damu na ini vina mchango mkubwa. Lakini dawa isiyoweza kuvuka tabaka kumi za seli kwenye maabara haikupaswa kupelekwa kwa panya, sembuse kwa mgonjwa.

Wapo wanaosema teknolojia hii ni ya nchi tajiri. Kuhusu mapafu ya silikoni na pampu zake, wana hoja. Kuhusu viduara vya seli, hawana. Njia mojawapo ya kuvitengeneza ni kuweka tone la majimaji yenye seli kwenye mfuniko wa sahani ya petri, kisha kuupindua mfuniko taratibu. Seli hukosa sakafu ya kushika, hukusanyika chini ya tone, na baada ya siku kadhaa huwa kiduara. Mbinu ya tone linaloning'inia ilitumiwa na Ross Harrison nchini Marekani mwaka 1907, alipoonyesha nyuzi za neva za kiinitete cha chura zikikua nje ya mwili. Njia nyingine ni kupaka agarosi kwenye visima vya sahani ili seli zishindwe kushika. Maabara yenye uwezo wa kukuza seli bapa, yaani yenye kabati la nyuzi joto 37, hewa ya kabonidioksaidi, hadubini nzuri na umeme usiokatika, ina karibu kila kitu kinachohitajika. Kinachokosekana mara nyingi ni msimamizi wa tasnifu anayemwambia mwanafunzi kwamba matokeo ya seli bapa peke yake hayatatosha.

Nawaelewa pia wanaohofia kwamba tutaruka kutoka imani moja pofu kwenda nyingine. Kiduara si kiungo. Hakina damu inayopita wala jeshi la kinga. Kikizidi nusu milimita hivi, katikati yake hufa kwa kukosa oksijeni. Jambo hilo hufanana na uvimbe halisi lakini halifanani na ini lenye afya. Ute unaotumika sana kushikilia seli katika pande tatu hutolewa kwenye uvimbe wa panya, na kopo moja halilingani kabisa na jingine, kwa hiyo maabara mbili zinaweza kupata majibu tofauti zikidhani zinafanya jaribio moja. Na kuna mtego mbaya zaidi unaohusu chembe za nano zenyewe: ute unaweza kuzinasa njiani. Mtafiti anaona seli ziko hai, anaandika kwamba chembe ni salama, kumbe hazikufika. Matokeo ya Michigan yenyewe lazima yasomwe kwa jicho hilo. Kwa hiyo anayetumia tishu ya pande tatu analazimika kupima ni chembe ngapi zimefika kwenye seli, na zimefika kina gani, si kuhesabu zilizokufa na zilizo hai tu. Kazi inakuwa ngumu zaidi, hadubini za kawaida haziwezi kuona katikati ya kiduara kinene, na mwanafunzi atachelewa kumaliza. Naona ni heri achelewe.

Kuna swali jingine ambalo wataalamu wa Ulaya na Marekani hawalazimiki kuliuliza kwa uzito tunaopaswa kuliuliza sisi. Seli hizo ni za nani? Seli za ini zinazotumika mno duniani kupima sumu ya dawa, ziitwazo HepG2, zilitoka kwenye uvimbe wa kijana wa miaka 15 wa Argentina, mwenye asili ya Ulaya. Ini la mtu wa Mwanza au Machakos linaweza kutofautiana na hilo katika vimeng'enya vinavyovunja dawa. Mwaka 1996 Collen Masimirembwa wa Zimbabwe na wenzake walieleza aina ya jeni ya kimeng'enya CYP2D6 iliyo ya kawaida kwa Waafrika na yenye kupunguza kasi ya kuvunja baadhi ya dawa. Efavirenzi, dawa ya VVU iliyotumika hapa kwa miaka mingi, huwasumbua zaidi watu wenye aina fulani ya jeni ya CYP2B6, ambayo nayo hupatikana kwa wingi zaidi kwa Waafrika. Chembe ya nano ni gari tu. Abiria wake, dawa yenyewe, akishateremka atakutana na vimeng'enya hivyohivyo.

Na hapo ndipo pande tatu zinapokuwa jambo la lazima. Seli za ini la mtu zikilazwa bapa hupoteza vimeng'enya vyake ndani ya siku chache. Taasisi ya Karolinska ya Uswidi, katika kundi la Magnus Ingelman-Sundberg, ambaye pia alikuwa pamoja na Masimirembwa katika kazi ile ya 1996, ilionyesha mwaka 2016 kwamba seli za ini zilizokuzwa katika viduara zinaweza kubaki na tabia za ini kwa wiki tano. Wiki tano zinatosha kuona sumu inayojilimbikiza polepole, ile ambayo kipimo cha saa 48 hakiwezi kuiona. Viduara hivyo vikitengenezwa kwa seli za wagonjwa wa hospitali za Muhimbili, Bugando, Kenyatta au Mulago, tutajifunza kitu ambacho hakuna maabara ya Boston inayoweza kutufundisha.

Lakini tishu ya mtu ina mwenyewe. Mwaka 1951 madaktari wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, walichukua seli za uvimbe wa mlango wa kizazi wa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi, bila yeye kujua. Alifariki mwaka huohuo. Seli zake, HeLa, zilienea duniani kote na bado ziko kwenye majokofu ya maabara nyingi za Afrika Mashariki. Familia yake ilifikia makubaliano na kampuni moja kubwa ya vifaa vya maabara Agosti 2023, miaka 72 baadaye. Nisingependa kuona kijana wa Temeke akigundua mwaka 2090 kwamba ini la bibi yake ni bidhaa yenye namba ya katalogi. Mwanamke anayefanyiwa upasuaji wa saratani katika hospitali ya Ocean Road aelezwe kwa Kiswahili kinachoeleweka kwamba kipande kinachobaki baada ya vipimo, ambacho kwa kawaida huteketezwa, kinaweza kuoteshwa na kuishi miaka mingi. Kwamba anaweza kukataa na matibabu yake yasiguswe. Na kwamba seli zikisafirishwa nje au zikiuzwa kuna mkataba unaosema nani ananufaika. Mkataba huo uandikwe kabla ya kisu, na kamati za maadili zisikubali fomu ya ukurasa mmoja yenye nafasi ya dole gumba.

Marekani imeanza kubadilika kisheria. Sheria yake ya mwaka 1938, iliyotungwa baada ya dawa moja ya maji kuua zaidi ya watu 100 mwaka uliotangulia, ndiyo iliyoweka msingi wa kupima usalama kwa wanyama. Desemba 2022 sheria mpya iliondoa ulazima huo na kutambua vipimo vya seli, zikiwamo tishu za kwenye chipu, kama ushahidi unaoweza kuwasilishwa. Hii ina maana kwamba mafaili yenye ushahidi wa namna hiyo yataanza kufika pia kwa wasajili wetu wa dawa. Anayeyasoma lazima ajue kutofautisha kiduara kilichopimwa vizuri na kile kilichopigwa picha tu kwa sababu kinapendeza. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya ukomavu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2018. Wakala wa Dawa wa Afrika una makao yake Kigali. Uwezo wa kudai zaidi upo.

Ningependa COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, na wafadhili wa utafiti wa Kenya na Uganda waweke sharti kwamba mradi wowote wa dawa ya nano wanaoufadhili uonyeshe matokeo kwenye tishu ya pande tatu kabla ya mnyama wa kwanza kudungwa, na walipie gharama ya hilo badala ya kumwachia mtafiti. Ningependa pia wasajili waongeze maswali matatu kwa kila anayeleta dawa ya aina hiyo: usalama wake ulipimwa kwenye seli za umbo gani, chembe ngapi zilithibitishwa kuzifikia, na seli hizo zilitoka kwa watu gani. Kwa dawa inayoombewa usajili wiki hii, maswali hayo yanaweza kuulizwa bila kusubiri sheria mpya wala jengo jipya.